Sentensi ya Siku Tatu

Mwezi uliopita nilikuwa napita nyuma ya mashine za kukoboa mpunga, upepo ukageuka, ukaniletea moshi wa pumba usoni. Sisi wa Ifakara hatuushangai moshi wa pumba. Tumekulia humo, na nguo zetu za shule zilikaukia humo. Lakini siku hiyo ulinishika koo, na kabla sijakohoa nikajisikia nasema kwa sauti, mtu mzima na mkoba wangu kwapani: "Bado. Rudia." Kijana wa bajaji aliyeegesha pembeni akanigeukia. "Nirudie nini, mama?" Nikamwambia siyo wewe, baba, endelea na kazi zako. Akacheka. Mimi sikucheka, maana nilijua nilikuwa nasema na nani.

Shule yetu ya sekondari ilipakana na mashine kama hizo, na sisi wa bweni tulilala, tukala na kusoma ndani ya moshi ule. Nilikuwa kidato cha pili, mwembamba, mwenye maneno mengi. Ninyi wa rika langu mnazikumbuka zile enzi za shule kukitangazia vita Kiswahili. Kwetu ilikuwa hivi: ukishavuka geti, ni Kiingereza tu. Ukikamatwa unaongea Kiswahili unavalishwa kibao, kipande cha mbao chenye kamba ya katani, na unakaa nacho shingoni mpaka umnase mwenzako naye ateleze. Basi tukawa tunawindana. Mtu anakukanyaga kidole makusudi ili useme "Mama wee!" akuvishe. Kindamba na Kipogoro, lugha za nyumbani, ndiyo usithubutu kabisa, hapo unavaa kibao na vyoo unaosha wiki nzima. Wageni waliotembelea shule walisifu utulivu wetu, eti tuna nidhamu. Nidhamu gani! Watoto walikuwa wamefunga midomo kwa sababu hawajui waseme nini.

Mimi sikuwahi kukivaa kibao. Baba yangu alikuwa dereva wa wageni waliokuja bondeni kuchunguza mbu, na wakati wa likizo nilikaa kiti cha nyuma nikiwasikiliza, nikiokota neno moja moja kama kuku anavyookota punje. Shuleni wakanipa jina la Dikshonari. Nililipenda jina hilo kuliko la ubatizo. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mnisamehe, na hakuna kinachomharibu mtoto haraka kama sifa.

Mwaka huo mwalimu wetu wa Kiingereza akaja na mpango wake. Kila anayekijua Kiingereza akabidhiwe mmoja asiyekijua, amfundishe, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi kila jozi isimame mbele ya shule nzima. Asiyejua ndiye atakayeongea, ila atakayepewa alama ni aliyemfundisha. Mwalimu huyo tulimwita Nukta, kwa sababu kila amri yake aliimalizia kwa "Full stop", na ukishaisikia hiyo hakuna rufaa. Alikuwa mrefu, mkavu, miwani yake imefungwa waya upande mmoja. Fimbo hakuishika mara nyingi, lakini tulimwogopa kuliko wenye fimbo. Basi akasoma majina, na mimi nikapewa Felista.

Felista alitoka Chita. Baba yake alishafariki, na duniani walikuwa wawili tu, yeye na mama yake, ukimtoa baba mdogo mmoja. Mama yake ndiye aliyemleta shule kwa treni, sanduku la bati kichwani, na nakumbuka alivyotupigia magoti wote pale bwenini, sisi watoto wadogo, akituomba, "Mnisaidie kumwangalia mwenzenu." Felista kwa Kiingereza alikuwa bubu. Lakini twende nyuma ya jiko, pale ambapo hakuna kiranja, umsikie kwa Kiswahili! Alikuwa akiigiza mama zake wa jirani wakigombania maji, na nyani wa shambani kwao anavyokagua mpunga kama bwana shamba, mpaka tunashika mbavu. Akirudi darasani anazimika. Mimi niliona ni uvivu. Niliamini kabisa kwamba mtu asiyejua Kiingereza hana cha kusema.

Jumapili, siku tano kabla ya Ijumaa ya kusimama mbele ya shule, baba yake mdogo akaja getini. Mimi nilikuwa pamoja na Felista, maana jozi tulitakiwa tuandamane. "Shikamoo, baba mdogo," Felista akasema kwa kunong'ona, akiangalia nyuma. Mzee akaitikia, akavua kofia. Akasema mama kaugua, kaletwa na treni, kalazwa hapa hapa mjini. "Ugonjwa siyo wa kutisha sana. Madaktari wanasubiri majibu ya vipimo. Majibu yakitoka vizuri wanamruhusu. Ila anakutaja, mwanangu. Tangu jana anakutaja wewe tu. Omba ruhusa uje umwone, usikawie." Mzee alitaka amchukue saa ile ile, mlinzi akakataa: mwanafunzi anajiombea ruhusa mwenyewe, kwa mwalimu wa zamu. Matroni alikuwa likizo ya uzazi, kwa hiyo kila jambo la bwenini lilipelekwa dirishani kwa mwalimu wa zamu, na mwalimu wa zamu wiki ile alikuwa Nukta. Juu ya dirisha hilo palibandikwa tangazo: ruhusa itaombwa kwa Kiingereza fasaha.

Hospitali yenyewe haikuwa mbali. Kwa baiskeli hata jasho halijakutoka umefika.

Jumatatu baada ya chakula cha mchana Felista alinifuata kwenye kamba za nguo. Alikuwa ameshajitungia sentensi yake, ameiandika kiganjani kwa kalamu. Akanisomea taratibu, kidole chini ya kila neno: "Sir, I want permission. My mother is sick." Akaniangalia. "Nimepatia?"

Alikuwa amepatia. Naomba mlishike hilo, kwa sababu mimi nimelishika maisha yangu yote. Sentensi yake ilikuwa fupi, kila neno lilikuwa mahali pake, na ingemfikisha wodini kabla ya saa kumi jioni. Nilijua siku ile ile kwamba imetosha.

Nikamcheka. "I want? Kwa mwalimu? Unamdai?" Nikamfutia kiganja kwa mate na ncha ya kanga yangu. "Imeandikwa fasaha. Ukienda na hicho cha kuombea maji, Nukta atakurudisha na mimi ataniuliza ninakufundisha nini." Nikamtungia yangu, ndefu, yenye mapambo: "Please sir, may I have permission to go and visit my mother, who is admitted at the hospital." Hilo "who is admitted" nilikuwa nimelipata kutoka kwenye gazeti la wageni, na nilikuwa natafuta mahali pa kulitumia. Kichwani nilishaamua kitu kingine pia: sentensi hiyo hiyo ndiyo atakayoisema Ijumaa mbele ya shule, na watu watajua Dikshonari ni nani.

Felista akaanza. Neno "permission" likamshinda, akawa anasema "pamishoni". Nikamwambia bado. Akifika "hospital" anaongeza irabu, "hosipitali". Bado, rudia. Jumatatu ikaisha. Jumanne tulirudia chooni, tulirudia kwenye foleni ya uji, tulirudia akiwa anafua na mapovu mkononi. Moshi wa pumba siku hizo ulikuwa mzito, mpunga ulikuwa umeingia mjini kwa wingi na mashine hazikupumzika, na yeye alirudia huku anakohoa. Jumanne jioni aliisema yote bila kosa. Aliisema vizuri, akafumba macho, akafumbua.

"Sasa niende? Ofisi bado iko wazi."

"Bado kidogo," nikasema. "Umeitoa kama unasoma. Inatakiwa itiririke."

Alikaa chini kwenye ngazi ya bweni. Sikumbuki kama alilia. Nakumbuka alivyokuwa anachora chora ardhini kwa kijiti, halafu akasema kwa Kiswahili, taratibu, bila hata kuangalia nani anasikia, "Mama anapenda kushikwa miguu akiumwa. Miguu yake hupata baridi. Sijui nani anamshika." Kiranja wa lugha alikuwa anapita. Akamsikia. Akaja na kibao, akamvalisha pale pale ngazini, na mimi nikanyamaza.

Jumatano alishinda na kibao shingoni. Na mwenye kibao haruhusiwi kwenda dirishani, huo ulikuwa utaratibu mwingine. Ili kukivua alitakiwa amnase mtu, na Felista hakuwa mtu wa kunasa wenzake. Ningeweza kuteleza makusudi, nikasema neno moja tu la Kiswahili mbele yake, kibao kikaja kwangu, yeye akaenda. Nililifikiria jambo hilo. Haki ya Mungu nililifikiria, nikiwa nimekaa kitandani kwangu, nikaona aibu ya Dikshonari kuvaa kibao. Jioni hiyo msichana mmoja wa kidato cha kwanza aliyempenda Felista alikuja akasimama mbele yake, akasema kwa sauti, "Habari za jioni, dada," akashusha kichwa avishwe. Mtoto wa kidato cha kwanza. Lakini ofisi ilikuwa imeshafungwa.

"Kesho asubuhi na mapema," Felista akaniambia. "Hata ukisema bado, nitaenda."

Alhamisi asubuhi nilitumwa kupeleka madaftari ofisi ya walimu. Nikiwa nje ya dirisha, mikono imejaa, nikamsikia Nukta anaongea na mwenzake kwa Kiingereza, sauti ya chini. Nikanasa vipande tu. Felista. Her mother. She passed this morning.

Mnajua ninyi tuliosoma pamoja, kwetu neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Kupass ni kufaulu. Tulikuwa tunaliomba kanisani, tunaliandika kwenye vifuniko vya madaftari. Na mama yake alikuwa anasubiri majibu ya vipimo, baba mdogo alisema mwenyewe! Nikaona Nukta anavua miwani, anajifuta macho kwa kidole gumba. Nikadhani ni ule moshi.

Niliyabwaga yale madaftari mlangoni, nikakimbia. Felista alikuwa bombani, anaosha uso ili aende dirishani. Nikamrukia. "Mama yako amepass! Nimesikia kwa masikio yangu, Nukta amesema! Amefaulu vipimo!"

"Kweli?"

"Mimi nakosea Kiingereza?"

Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Halafu akapiga vigelegele, vigelegele vya kwao vya harusini, Alhamisi asubuhi, katikati ya shule ya Kiingereza. Wasichana wakaja mbio. Wakamkumbatia, wakamrushia maji, mmoja akaanza kuimba na wengine wakadaka, hata kiranja wa lugha alisahau kibao chake. Felista akacheza. Akasema sasa hata ruhusa haitaki tena, atasubiri Jumapili, mama atakuja mwenyewe getini kwa miguu yake. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi mara mbili. Nilifurahi kwa ajili ya mama, na nilifurahi kwamba Ijumaa yetu iko salama.

Saa nne mwito ukaja kutoka ofisini. Aliitwa Felista, lakini aliniomba tuongozane, nimsaidie Kiingereza. Ndani tukamkuta baba mdogo amekaa kwenye benchi, kofia magotini, na Nukta amesimama.

"Karibu, mwanangu. Kaa," Nukta akasema. Kwa Kiswahili. Sikuwahi kumsikia akisema Kiswahili, na kilikuwa Kiswahili kizuri, cha upole.

Felista hakukaa. Alienda kupiga goti mbele ya baba mdogo, uso unang'aa. "Shikamoo, baba mdogo. Tumeshasikia! Mama amefaulu vipimo."

Mzee akamwangalia mwalimu. Mwalimu akaniangalia mimi.

"Felista," mzee akasema. "Mama hatunaye."

Na Felista akanigeukia mimi. Aligeuka vile alivyozoea kunigeukia darasani mwalimu akisema neno gumu, akisubiri nimpe maana. Kiswahili chake mwenyewe, neno ambalo kila mtoto wa bondeni analijua, na anasubiri nimfasirie. Pale ndipo nilipojua kwamba kwa wenye lugha yao, kupass ni kufariki pia.

Nukta ndiye aliyesema tena. Aliuliza bila ukali, kama mtu anayejiuliza mwenyewe: "Baba mdogo wako anasema alikuja Jumapili. Hospitali iko hapo tu. Mbona hukuja kuniambia, mwanangu?"

"Sentensi ilikuwa bado, mwalimu."

"Sentensi gani?"

Felista akasimama wima, mikono nyuma, kidevu juu, kama nilivyomfundisha. Akaisema. Please sir, may I have permission to go and visit my mother, who is admitted at the hospital. Hakukosea hata irabu moja. Ilitiririka.

Mashine za mpunga zilikuwa zinaunguruma ng'ambo ya ukuta. Baba mdogo hakujua Kiingereza, akauliza, "Anasemaje?"

"Nani alikwambia lazima useme hivyo?" Nukta akauliza.

"Imeandikwa dirishani," Felista akasema. Mpaka leo sijui kama alinificha, au kama kweli ndivyo alivyoamini. Nukta alitoka nje, tukamsikia anakwangua karatasi kwa kucha. Aliporudi, gundi ilikuwa imemganda vidoleni. Alisema, "Ungekuja hata na machozi tu, ningekupeleka mwenyewe kwa baiskeli." Halafu hakusema "Full stop".

Felista na baba mdogo wakaondoka kwa baiskeli za kukodi hadi stesheni, kuusubiri mwili upakiwe kwenye treni. Sanduku la bati aliliacha chini ya kitanda chake, na kwa wiki mbili nililala nikiliona. Kibao hatukukiona tena baada ya siku ile. Hakuna aliyetangaza kitu, kilitoweka tu, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kuongea Kiswahili, ingawa kibao hakikuwepo.

Felista alirudi amenyolewa nywele. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimejitungia maneno, ya Kiswahili safari hii, nimwambie kila kitu: kwamba ile ya kiganjani ilitosha, kwamba Jumanne ilitosha, kwamba nilijua. Tulikaa kwenye ngazi ile ile. Kabla sijaanza akanishika mkono, akasema, "Nilikuchosha sana wiki ile. Ulijitahidi. Ni kichwa changu tu, kichwa changu ni kigumu. Ningekuwa na akili kama zako, ningemwona mama."

Nilipaswa kusema hapana. Neno moja tu, hapana, Felista, siyo kichwa chako. Nikasema, "Pole." Nikamsikia akishusha pumzi, kama mtu aliyepokewa mzigo, na nikaona ni rahisi kumwacha hivyo. Nimeungama jambo hili kwa mapadri watatu. Wote wameniambia nilikuwa mtoto, nisali, niende kwa amani. Padri wa mwisho nilimuuliza, kama ni amani, mbona Felista ndiye anayeamini kwamba alikuwa mjinga? Akaniambia niende nikamwambie mwenyewe.

Nikaenda. Mwaka juzi niliambiwa ana duka la mchele pale pale Ifakara mjini, nikafunga safari ya makusudi, maneno yangu mdomoni. Nilimkuta nyuma ya mizani, amenenepa, kicheko kile kile cha nyuma ya jiko. Alinitambua nikiwa bado niko barabarani. Akatoka mbio, akanikumbatia mbele ya wateja, akanifuta vumbi begani, akaniitia soda. Nikasema, "Felista, kuna jambo nataka nikuambie, la siku zile za mama."

"Acha tu, mwenzangu," akasema. "Yale Mungu alishapanga. Mimi hapa kila siku nawasimulia kuhusu wewe. Nawaambia, kichwa kigumu hiki, lakini nilipata mtu aliyekaa na mimi siku tatu nzima bila kunichoka." Akageuka ndani ya duka, akaita. Akatoka msichana mrefu, macho ya bibi yake kabisa, aliyekuwa anaanza kidato cha kwanza Januari iliyofuata, na mama yake akamshika mabega akamsogeza mbele yangu. "Huyu ndiye niliyekwambia. Ndiye aliyenifundisha. Haya, msalimie mwalimu wangu."

Mtoto akapiga goti. "Shikamoo, mwalimu."

Felista alikuwa ananiangalia, anatabasamu, anasubiri.

"Marahaba," nikasema.